Bakuli la Msibani na Waya wa Teopisto

Huku milima ya Abra, Ufilipino, mji wetu umezibwa na mlima, na antena ya mtu mmoja mmoja huleta chenga tu kwenye televisheni. Manong Teopisto (manong ni kaka, manang ni dada, kwa heshima ya kwetu) ndiye aliyesimamisha antena kubwa kileleni, akashusha nyaya nyumba kwa nyumba. Leseni yake ilikuwa na sharti: kituo cha mkoa akipitishe kama kilivyo, asikate hata dakika.

Penye msiba alivuta waya bila malipo; ndiyo desturi yake. Mzee Agapito alipofariki, waya ulifika kabla ya jeneza. Marehemu alipenda ndondi, na Jumapili asubuhi kituo cha mkoa kilikuwa kinarusha pambano. Waombolezaji wakajaa mpaka uani, kahawa mkononi, na mlangoni likawekwa bakuli la rambirambi.

Akaingia wakili wa kampuni yenye haki za pambano. Akalitazama lile bakuli.

"Kumbe mnatoza kiingilio."

"Rambirambi hiyo, bwana," alisema Manang Ludivina, mjane. "Au kwenu mnazikana bure?"

Wakili akamgeukia Teopisto. "Kituo kimeuziwa haki ya kurusha hewani. Kupitisha kwenye waya ni haki nyingine, na wewe hukuinunua. Kata sasa hivi, la sivyo leseni yako itafutwa."

Teopisto akamjibu. "Serikali inasema nisikate. Wewe unasema nikate. Mkubaliane kwanza, ndipo mje."

"Ya serikali hayanihusu."

"Na maiti je, inakuhusu?"

"Manong, kata tu," mjane akanong'ona. "Waya huo ndio wali wako. Agapito ameshaona ndondi za kumtosha."

Hilo ndilo lililomchoma: mfiwa kumwonea huruma yeye. Akalinyanyua bakuli, akamwekea wakili chini ya kidevu.

"Umesema kiingilio. Raundi mbili nzima umesimama hapa unaangalia. Lipa."

Wakili akatoka bila kutoa hata senti. Pambano likaisha, na Teopisto hakujua nani kashinda.

Leseni ilifutwa kabla ya mvua kuanza. Katika uamuzi wa serikali bakuli lile liliitwa ushahidi wa biashara. Teopisto akazikunja nyaya nyumba kwa nyumba. Wa kwa Ludivina aliuacha ukining'inia.

"Wakiutaka," alisema, "waje wauondoe wenyewe. Na safari hii watoe rambirambi kwanza."