Hotuba Niliyowaonjesha Wala Githeri

Naikumbuka asubuhi moja ya Kawangware, Nairobi, mwanangu, nikiwa bado msichana mwenye mbio za kukimbiza kuku. Sisi wauza mboga tulikuwa tumeambiwa tutatolewa kando ya barabara, na alasiri hiyo chifu alikuwa na baraza. Wenzangu wakanichagua mimi niseme, eti sauti yangu haihitaji kipaza. Nikishindwa, hatuna pa kuuzia.

Shule niliishia darasa la tatu, lakini hotuba nilikuwa nayo kichwani, tena ndefu kama ya wanasiasa. Nikampelekea Mama Mutheu, mama mzee wa Kitui aliyekuwa akipika githeri, mahindi na maharagwe, karibu na meza yangu. Akasema, "Simama hapo utoe. Mimi napakua."

Nikaanza. Nikamsalimu chifu, naibu wake, wazee wa mtaa, wachungaji, akina mama, vijana, waliofika na walio njiani. Nikasema Bwana asifiwe, na tena asifiwe. Nikashukuru hata jua. Jamaa mmoja wa kazi ya mjengo, aliyekuwa akila kwenye benchi la Mama Mutheu, akamaliza sahani yake, akapangusa mdomo.

"Pole sana, dada. Kwani nani ameaga dunia?"

Benchi lote likacheka. Uso ukaniwaka moto. Mama Mutheu hakucheka.

"Achieng, huyu amekula akashiba na bado hajui unataka nini. Unataka nini?"

"Tusifukuzwe."

"Chifu atakujibu barabara inapanuliwa, na ni kweli. Sema kitu anachoweza kukupa leo."

Nikakuna kichwa. Nikakumbuka ule uwanja mtupu nyuma ya ukuta wa kanisa, nikamtajia.

"Basi anzia hapo! Salamu moja, ombi, halafu jambo moja uliloliona kwa macho yako. Rudia ombi, ukae chini. Na ukae kweli, usiamke tena kushukuru."

Nikajaribu upya. Yule jamaa alikuwa ameshasimama aende kazini, akarudi kukaa. "Sasa hiyo nimeshika," akasema. "Na chifu akikataa?" Nikajua imeiva.

Barazani nikasema: "Chifu, hamjambo nyote. Tunaomba ule uwanja nyuma ya kanisa. Juzi lori lilimwaga mboga za Mama Njeri matopeni. Aliziokota mtoto akiwa mgongoni, na ndizo walizokula jioni. Tupe uwanja, nasi tutatoka barabarani wenyewe." Nikakaa.

Chifu akamgeukia mzee wa mtaa. "Huo uwanja una mwenyewe?"

"Ni wa serikali, umekaa tu."

"Basi waingie."

Mwanangu, pumzi niliyoishusha pale ingewasha jiko la makaa! Tulikumbatiana mpaka vilemba vikaanguka.

Leo niko Sarang'ombe, kule Kibera, bibi mwenye wajukuu wanaojua kusema mbele za watu, na kila mmoja namfundisha vivyo hivyo. Kabla hujashika kalamu, jiulize unataka nini na ni nani anayeweza kukupa. Ombi hilo liweke mbele. Usirundike mifano, mmoja wenye matope unatosha. Msomee mtu mwenye haraka zake, umwangalie miguu: akiondoka, kata maneno. Debe tupu haliachi kuvuma, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tena usione aibu kuchekwa na watu wa benchi, wamekuokoa kuchekwa na baraza.

Mungu akupe neno lenye uzito, mwanangu, na akupe masikio ya watu. Ukishayapata, usiyachoshe.