Mistari Niliyoiruka

Kunguni akipondwa hutoa harufu tamu iliyooza, na katika msimu mmoja wa mvua nyumba yetu ya Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, ilinuka hivyo kuanzia magodoro hadi nyuma ya picha ya Bikira Maria. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliishi katika vyumba viwili, Mama, mimi na mdogo wangu Fidele, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Baba alikuwa dereva wa lori la samaki wakavu, na mvua zikishaiharibu barabara ya Kilwa, kule ziwani alikochukua samaki, tuliweza kukaa wiki tatu bila kumwona. Mama aliwapiga vita wale kunguni peke yake. Alimwagia vitanda maji ya moto, akapaka mbao mafuta ya taa, akaanika magodoro kila jua lilipochungulia. Bado tuliamka na vipele vilivyopangana mapajani. Aliyeteseka zaidi ni Fidele, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kibovu tangu kuzaliwa. Akilia sana, pumzi yake ilipiga mluzi.

Jumamosi moja Mama alirudi sokoni na makopo mawili ya moshi wa kuua wadudu. Watu waliyaita mabomu, kwa sababu ukibonyeza kichwa cha kopo hutema moshi wote mpaka liishe. Maelezo yalikuwa ya Kifaransa, kwa herufi ndogo kama chungu. Mama aliacha shule mapema. Mimi nilikuwa darasa la tano na ndimi niliyesoma kila karatasi iliyoingia nyumbani. Akaniita mama, kama wazazi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

“Soma, mama. Banaandika nini hapa?”

Nje wasichana wenzangu walikuwa wameanza kuruka kamba, na zamu yangu ilikuwa inakaribia. Nikasoma mistari mitatu ya juu.

“Banasema tuzime moto, tufunge madirisha, tutoke.”

“Ni ile tu?”

“Eeh, ni ile tu.”

Mama alifanya yote niliyomwambia, kwa uangalifu uleule aliokuwa nao katika kila jambo. Alizima makaa ya mbabula, jiko letu, kwa maji, akatoa sufuria na unga nje, akafunga madirisha, akaweka bomu moja kila chumba. Kisha akatoka akikimbia, kanga imemfunika pua, huku akicheka. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena. Tulikaa uani, na moshi mweupe ukachungulia chini ya mlango. Hatukukaa muda mrefu. Wingu lilikuja kutoka upande wa reli na mvua ikashuka kwa kishindo. Majirani wa uwanja wetu walikuwa wamekwenda arusini na milango yao ilikuwa na kufuli. Tulijibanza chini ya ukingo wa bati, lakini upepo ulitupiga maji, na Fidele akaanza kutetemeka.

“Hii mvula itamumaliza mutoto na kile kifua,” Mama alisema, akafungua mlango.

Alimvua nguo zilizolowa, akamlaza kwenye godoro lake na kumfunika blanketi. Madirisha hakuyafungua, kwa sababu ya mvua. Godoro lilikuwa na unyevunyevu wa dawa na macho yaliniwasha. Mama naye alikohoa, akasema harufu itaisha. Kabla ya jioni pumzi ya Fidele ilikuwa haipigi tena mluzi, ilikuwa inakwaruza. Mama alimfunga mgongoni, akamfunika nailoni, akapita kwenye matope hadi zahanati. Alfajiri alirudi naye mgongoni vilevile, na nilipoona jinsi kichwa cha mtoto kilivyoning’inia nilielewa kabla hajasema neno.

Baada ya maziko nililitafuta lile kopo kwenye takataka, nikajificha nyuma ya choo na kusoma mpaka mwisho. Iliandikwa kwamba kopo moja latosha nyumba kubwa kuliko yetu. Iliandikwa vitanda vifunikwe, watu wakae nje kwa saa kadhaa, kisha madirisha yote yafunguliwe kabla ya mtu kulala humo, na wenye ugonjwa wa kifua wawekwe mbali. Nililitupa kopo chooni.

Baba alifika siku ya tano, viatu vikiwa na matope ya Kilwa. Dada yake mkubwa, shangazi yangu, alimsubiri sebuleni, na Mama alikuwa amekaa sakafuni, nywele zimenyolewa.

“Weye njo ulimuingiza mutoto mu sumu,” shangazi alimwambia Mama mbele yetu sote. “Hata mbuzi inajua kukimbiza mutoto yake.”

Baba hakumtetea. Mama alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilikuwa pale, chumba kizima kililia, na siri yangu haikufichuka. Ningefungua kinywa tu, lawama ingemwondokea Mama. Niliogopa kupigwa. Tangu siku ile Baba alikuwa akileta samaki na kuondoka bila kuzungumza na mke wake, hadi mwaka mmoja akabaki hukohuko ziwani, Pweto, na mwanamke mwingine.

Mabomu yale bado yanauzwa Lubumbashi. Huwa nawasimamisha wanawake sokoni na kuwasomea maelezo; wengine husikiliza, wengine hudhani nimechanganyikiwa. Hilo halimrudishi mtu. Mama alikufa mwaka jana nyumbani kwangu. Siku zile za mwisho aliniuliza, sauti ikiwa imebaki kidogo: “Nikimukuta Fidele, nitamuambia nini?” Tulikuwa wawili tu chumbani, hakukuwa na shangazi wala wa kunipiga. Nilimpangusa midomo, nikamwambia apumzike. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemsamehe yule mtoto wa miaka kumi kwa sababu alikuwa mtoto. Aliyenyamaza kando ya kitanda kile alikuwa mama mzima, mwenye watoto wake.