Kwinini Haikuwa na Kosa

Mdogo wangu wa kike alikuwa na mwaka mmoja na nusu siku mama alipoangusha sinia la bati nyuma yake, uani kwetu Nambambo. Kuku walitawanyika, mimi nikaruka, lakini mtoto aliendelea kuchezea magunzi yake ya mahindi bila hata kugeuza shingo. Mama aliliokota sinia, akaliangusha tena, safari hii kwa makusudi. Kisha akakaa chini na kunitazama. Nilikuwa na miaka minane.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mama hakuhitaji mtu wa kumweleza sababu. Alikuwa nayo tayari. Akiwa na mimba ya mtoto yule alishikwa na malaria kali, akalazwa, akapewa kwinini. Masikio yake mwenyewe yalivuma siku kadhaa. Akajijibu kwamba dawa iliyoyavumisha masikio ya mtu mzima ilikuwa imeyaua kabisa ya mtoto tumboni. Hakumlaumu aliyempa dawa. Alijilaumu yeye aliyeimeza.

Ndiyo maana alipopata mimba nyingine na malaria ikamrudia, alikataa dawa. Alikuwa akipokea vidonge mkononi mwa baba, anakunywa maji, anavificha kwenye pindo la khanga. Baba alivigundua siku mama alipoanza kuweweseka. Akampakia kwenye baiskeli, akamfunga kiunoni mwake kwa khanga ileile asianguke, akamwendesha mpaka hospitali ya Nachingwea mjini. Huko walimtibu kwa dawa nyingine, si kwinini, akapona. Mtoto akazaliwa salama, wa kiume, mnene, mcheshi. Naye alikuwa hasikii.

Hapo hesabu ya mama ikavurugika, lakini watu walikuwa na yao. Wa kwanza alikuwa bibi yetu, mama yake baba.

“Kwetu hakuna viziwi,” alisema. “Hili jambo limetoka Likunja.”

Likunja, wilaya ya Ruangwa, ndiko mama alikozaliwa. Na hapa lazima nieleze undugu wetu. Bibi alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa msichana, yeye na kaka yake. Bibi akaolewa Nambambo. Kaka yake akaoa Likunja, na kwa desturi yetu mwanamume humfuata mke, kwa hiyo akahamia huko, na huko akamzaa mama. Baba akaja kumwoa mama, binti wa mjomba wake, ndoa ambayo wazee wa pande zote waliishangilia. Mama alimwita bibi “shangazi” tangu utotoni na aliendelea kumwita hivyo. Lakini kwa bibi, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Akisema Likunja, alimaanisha nyumba ya yule mwanamke aliyeolewa na kaka yake.

Ajabu ni kwamba hakuna mtu nyumbani aliyeongea na wadogo zangu vizuri kama bibi. Sisi wengine tulikuwa bado tunapiga kelele masikioni mwao, yeye alishaanza kutumia mikono. Alama yake mwenyewe ilikuwa kidole juu ya mdomo, pale ambapo tundu la ndonya, pambo la mdomoni la ujana wake, lilikuwa halijaziba. Korosho ilikuwa kubana pua, kwa sababu ya moshi wa kuchomea. Baba alikuwa kukanyaga pedali. Mimi, kwa masikitiko yangu, nilikuwa kujikuna, maana nilipata upele mwaka mmoja na ule mwaka haukusahaulika. Kukiwa na ngoma kijijini, mdogo wangu wa kike alivua ndala ili asikie mshindo kwa nyayo, na alicheza kuliko wengi waliosikia kwa masikio. Bibi alimsindikiza kwa vigelegele ambavyo mjukuu mwenyewe aliviona tu mdomoni.

Baadaye wote wawili walikwenda shule ya viziwi, ya bweni, mbali na kwetu. Likizo walirudi na lugha kamili ya alama, wakacheka alama zetu za kienyeji, kisha wakaendelea kuzitumia.

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeshasonga, nami nilikuwa nimechumbiwa, wakati mwalimu wao alipotuma barua. Kulikuwa na madaktari waliotafuta familia zenye mtoto kiziwi zaidi ya mmoja. Walitaka kupima damu, waone kama uziwi umetoka kwenye maumbile ya urithi, kile wanachokiita jeni. Wangefika Nachingwea.

Baba alikubali. Bibi alivaa khanga mpya.

“Na mimi nitatoa damu,” alisema. “Ionekane wazi kwamba kwetu hakuna.”

Tukakaa kwenye benchi la hospitali sote sita. Mdogo wangu wa kiume, aliyeogopa sindano, alifumba macho, na akishafumba macho hakuna wa kumbembeleza kwa maneno, kwa hiyo nilimshika mkono na kumwandikia kiganjani kwa kidole: BADO. BADO. BADO. TAYARI. Alipofumbua macho alikuwa anacheka.

Damu ikasafirishwa nje ya nchi. Tulingoja zaidi ya mwaka. Tulikuwa tumeanza kusahau tulipoitwa tena.

Daktari alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye sauti ya upole. Bibi alimpelekea zawadi ya njugu mawe, nusu kapu, nyeupe na nyekundu zimechanganyika. Mimi nilikaa katikati: nitafsiri kwa mikono kwa wadogo zangu, na kwa Kimakonde kwa bibi pale Kiswahili kitakapomshinda.

“Nina majibu ya kila mtu,” daktari alisema. “Naweza kumwambia kila mmoja faraghani.”

“Sema hapahapa,” bibi alijibu. “Mimi na damu yangu hatufichani.”

Daktari akachota njugu kwenye kapu. Akatueleza kwamba kila mtu hubeba maagizo ya usikivu mawili, moja la baba, moja la mama. Akaweka mezani njugu mbili mbele ya baba: nyeupe na nyekundu. Mbele ya mama vilevile. “Nyeupe ni agizo la kusikia. Nyekundu ni lile lililobadilika. Ukiwa na nyeupe moja tu, unasikia. Baba anasikia, mama anasikia. Lakini mtoto anachukua moja kwa kila mzazi.” Akachukua nyekundu ya baba na nyekundu ya mama, akaziweka pamoja mbele ya mdogo wangu wa kike. Kisha nyingine mbili nyekundu mbele ya wa kiume.

Mama aliziangalia. “Na kwinini?” akauliza, taratibu.

“Kwinini gani, mama?”

Akamsimulia. Sinia, masikio kuvuma, vidonge kwenye pindo. Baba alikuwa anatazama sakafu.

“Hapana, mama,” daktari alisema. “Hata usingemeza kidonge kimoja, ingekuwa hivihivi. Hujamfanya mtoto lolote.”

Mama alijifunika uso kwa khanga. Tulidhani analia, na alikuwa analia, lakini mabega yalitikisika kwa namna nyingine, na alipofunua uso tuliona kwamba anacheka. Sikuwahi kumwona mama anacheka mbele ya mgeni.

Kisha daktari akauliza, “Badiliko lenu ni moja, mahali palepale. Mna undugu?”

“Ni binti wa mjomba wangu,” baba alisema.

Daktari akamgeukia bibi. Kabla hajafungua mdomo, bibi alinyoosha mkono kapuni, akatoa njugu nyeupe na nyekundu, akaziweka mbele yake mwenyewe.

“Yangu hii,” alisema. “Na kaka yangu alikuwa na kama hii. Sivyo?”

“Ndivyo, bibi. Wewe unayo, tumeiona. Na yeye huenda ndiye aliyempa mama.”

Bibi aliitikia kwa kichwa. “Tulikuwa na mdogo wetu wa kike,” alisema kwa Kimakonde, nami nikatafsiri. “Alikufa mdogo. Hakusema hata neno moja. Walisema amerogwa.” Akamshika mama mkono. “Mwanangu, nimekutangaza miaka yote hii, kumbe mzigo niliubeba mimi mwenyewe kutoka ng'ambo.”

“Shangazi,” mama alisema, “hukuujua.”

Mbele yangu daktari aliweka nyeupe na nyekundu. Nilifurahi, wala sikuona haya kufurahi. Nilikuwa na kitu kimoja na wadogo zangu. Mdogo wangu wa kike yeye alikuwa na swali lake, akaniuliza kwa mikono kuhusu watoto atakaowazaa. Daktari akajibu kwamba itategemea mwenzake ana njugu gani.

Mdogo wangu alijibu kwa mikono, nami nikatafsiri: “Akizaliwa anasikia, nitamfundisha mikono. Akizaliwa hasikii, atanikuta.”

Daktari akamwomba arudie polepole, naye ajifunze.

Wiki iliyofuata bibi alitaka apelekwe Likunja. Tukapanda lori la kwenda Ruangwa, yeye mbele kwa dereva na jogoo miguuni. Bibi yetu wa Likunja, mama yake mama, alikuwa anapepeta mtama. Alipokea shikamoo zetu, akamkaribisha wifi yake mkekani, akasikiliza habari yote ya damu na njugu mpaka mwisho bila kuacha ungo. Kisha akamtazama jogoo.

“Jogoo mmoja?” alisema. “Kwa miaka yote hiyo?”

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, mwenyeji naye akashindwa kujizuia, ungo ukamwagika. Wadogo zangu waliniuliza kimesemwa nini. Nilipowatafsiria, mdogo wangu wa kiume alijitupa mkekani kwa kicheko. Tulikuwa tumekuja kwa siku moja. Tulikaa tatu.