Benki Kuu ya Mlango wa Choo

Sokoni walimwita Benki Kuu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Kazi yake ilikuwa kulinda choo cha kulipia nyuma ya maduka ya nguo. Alikuwa na meza ndogo mlangoni, karatasi zilizokunjwa vipande vipande, na bakuli la bati lililolia kutwa nzima kwa sarafu. Nani anakwenda chooni na noti? Kila jioni alirudi nyumbani bega limelemaa, na alichobeba kikiwa hakifiki hata bei ya viatu.

Benki ya kweli, ile yenye milango ya vioo ng'ambo ya barabara, ilizipokea sarafu, ila mashine ilizihesabu na kukata chake. Kiasi gani, hakuwahi kuuliza. Kusikia neno kukatwa kulimtosha. Alikuwa mkono wa birika wa kupigiwa mfano, na kumlipa mtu akubadilishie fedha yako mwenyewe aliona ni kuibiwa huku ukiitwa mteja.

Basi alijitengenezea njia yake. Jioni alizipanga sarafu kwa aina, akazifunga kwenye vipande vya gazeti kama biskuti, kila kifungu akakitia alama ya kalamu nyekundu. Asubuhi alivizungusha kwa muuza mikate, kwa mwenye duka la dawa, na kwa mama wa fotokopi. Wote hao walikuwa na shida ya chenji, na walimpa noti bila kufungua kifungu hata kimoja, maana hakuwahi kumpunja mtu. Alijisifu kwa hilo hadi wakachoka kumsikiliza. Ila njia yenyewe ilikwenda kwa mwendo wa kobe: aliyechukua vifungu viwili leo, kesho hana haja.

Jumapili moja akapigiwa simu na dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemchapa na kumbembeleza kwa mkono ule ule. Mwanawe alikuwa amekuja kumchukua akaishi naye ughaibuni moja kwa moja. Ijumaa mchana wangeondoka kwenda uwanja wa ndege. Miguu ya dada ilikuwa imeshachoka, na habari ya kurudi hakuna aliyeigusa.

"Njoo tukae siku mbili tatu," alimwambia. "Nikuone nishibe."

Benki Kuu alifurahi, na roho ikamuuma papo hapo. Akaazimia kumpa dada fedha ya kuondokea, na isiwe sarafu. Zamani, harusini kwa dada, watu wa upande wa shemeji walimtania kwamba zawadi yake ya sarafu inanuka harufu ya kazini kwake. Wao walicheka wakasahau; yeye hakusahau. Safari hii angetoa noti safi ndani ya bahasha, wazione.

Chini ya kitanda chake kulikuwa na madumu mawili ya sarafu. Jumatatu angeweza kuyavusha barabara, akakatwa hicho cha kukatwa, akapanda basi la mchana. Mwenye duka la dawa alimshauri hivyo hivyo. Alimjibu kwamba yeye hajapata kulipa benki tangu azaliwe, hataanza leo.

Jumanne muuza mikate alichukua vifungu vyake. Jumatano mvua ilinyesha, soko likalala, hakuna aliyetaka chenji. Jioni dada akapiga tena.

"Nakuja, dada. Namalizia kubadilisha."

"Njoo na hizo hizo sarafu. Njoo hata mikono mitupu."

"Nikutie aibu mbele ya watu? Kesho, dada."

"Haya," dada akasema.

Alhamisi kilibaki kiasi kidogo tu bahasha itimie, na mama wa fotokopi akaahidi kukichukua chote kesho yake asubuhi. Mtu mwenye akili zake angekiacha. Yeye alisubiri. Na Ijumaa mama yule alichelewa kufungua, hata bahasha ilipotimia, basi la asubuhi lilikuwa limeshaondoka. Alikimbilia la pili. Dirishani alitoa noti zake mpya, na mkata tiketi akakunja uso.

"Mzee, huna sarafu? Wiki nzima nalilia chenji hapa."

Alimtazama asijue acheke au alie. Angeweza kuja na dumu zima.

Njiani alipiga simu, akakuta ya dada imezimwa. Alifika alasiri. Mlango ulikuwa na kufuli, na barazani viti viwili vya plastiki vilikuwa vimetazamana. Jirani, mwanamke wa makamo, alitoka akampa pole. Alimweleza kwamba dada aliviweka viti vile tangu Jumanne na kukataa visiingizwe ndani. Hata gari lilipopiga honi, aliomba wangoje kidogo, macho yakiwa barabarani.

Kisha jirani akaingia ndani kwake, akarudi amekumbatia kopo kubwa la maziwa ya unga. Lilikuwa zito.

"Amesema nikupe. Ni sarafu zake za miaka yote. Mwanawe alitaka azipeleke benki, akakataa. Akasema, ndugu yangu ndiye anayejua kuzibadilisha bila kukatwa hata senti."

Benki Kuu aliketi kwenye kiti kimoja, kopo akalipakata. Alilia mbele ya mwanamke asiyemjua, na hakuona haya.

Bahasha ilibidi aitume huko ughaibuni, na watu wa kutuma fedha walikata fungu nene. Alilipa bila neno. Wiki iliyofuata alivuka barabara na dumu la sarafu mpya, akauliza benki wanakata ngapi. Ilikuwa bei ya mkate mmoja. Aliuliza tena, karani akadhani analalamika, akaanza kumfafanulia kwa upole.

Siku hizi dumu likijaa, huvuka tu. Kopo la dada liko chini ya kitanda. Chenji ikiadimika, wenye maduka humjia kumwomba kifungu kimoja tu, naye huwaambia hana.