Raba Nyeupe na Pipi Mbili

Nina hasira za karibu, na miaka ile zilikuwa karibu zaidi. Serikali ilikuwa imefungulia biashara, kila mtu anauza kitu, na mimi nilikuwa nauza viatu vya mitumba Igoma. Nilikaa Ilemela, juu kwenye mawe, chumba na sebule, na magunia ya viatu nililala nayo ndani. Wiki moja kabla ya haya ninayoyasimulia, wezi walinivunjia dirisha wakaondoka na gunia zima la raba. Nilimwapia mke wangu kwamba nikimkamata mmoja wao, simpeleki polisi. Niliapa huku nakula, wala chakula hakikunikwama.

Basi asubuhi moja jua linachomoza, niko nje napiga mswaki, nikamwona mtu anakimbia. Siku hizo mtu mzima hakimbii hivi hivi. Watoto hukimbia, wacheza mpira hukimbia, na wezi. Huyu alikuwa na mvi, amebana furushi kwapani, na miguuni ana raba nyeupe zenye mstari wa kijani. Katika gunia langu zilikuwamo za namna hiyo hiyo.

"Mwizi!" nikapiga kelele, povu la dawa ya meno linaruka. "Mwizi huyo! Mshikeni!"

Kwetu neno hilo halirudiwi mara mbili. Filimbi za sungusungu, walinzi wetu wa mtaa, zililia, milango ikafunguka, watu wakatoka na rungu na mipini ya majembe. Mawe hatukuwa na haja ya kuyatafuta, tulikuwa tunaishi juu yake. Yule mzee akasimama. Anatetemeka, jasho linamtiririka, kinywa kimefunguka na maneno hayatoki.

"Kalewa huyu!" mmoja akasema.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata kwenye paji la uso, akaanguka. Nilifika nikampiga teke la mbavu, nikasikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akiwa chini akapeleka mkono mfukoni. "Ana kisu!" watu wakapiga kelele. Mkono ulipotoka umefumbwa niliukanyaga kwa kisigino, nikausaga juu ya mwamba mpaka nikasikia vidole vinavunjika. Kiganja kikafunguka. Kilikuwa na pipi mbili, zimepondeka ndani ya karatasi zake.

Furushi lilikuwa sweta lake mwenyewe, alilivua alipopata joto.

Mke wake alikuja mbio kutoka upande wa pili wa mlima, khanga inamvuka. "Ana kisukari! Mpeni kitu kitamu, atakufa!" Jirani akaleta kikombe cha maji kimejaa sukari, tukamnyanyua akanywa kidogo kidogo. Mama yule alikuwa analia na kufoka pamoja: daktari ndiye aliyemwambia afanye mazoezi, na asubuhi hiyo mzee kameza vidonge akaondoka bila kunywa uji, ndiyo maana sukari ikashuka mpaka akashindwa kusema. Kisha akaniona.

"Mwanangu, si wewe uliyenichagulia hizi raba pale Igoma? Ulisema hazitambana vidole."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilijibu kwamba ni mimi.

Hapo hasira za watu zikageuka, ukali ni ule ule. "Nani kaanza kupiga kelele?" akauliza mwenye rungu. "Tumempiga mzee wa watu bure! Nani kaanza?" Kila mmoja akamtazama jirani yake. Mimi nikatazama ziwa kule chini. Akamwinamia mzee: "Mzee, umemwona?"

Ulimi wake ulikuwa umeanza kurudi. Alitazama kiatu changu, akapandisha macho mpaka usoni kwangu, akayaacha hapo.

"Sijui," akasema.

Nikamshukuru Mungu kwamba kichwa chake bado ni kizito. Nikasaidia kumbeba hadi hospitali, na njia nzima mama yule alikuwa ananiombea baraka. Nilizipokea. Siku ile nilijichukia, na bado nilizipokea.

Miaka mitatu baadaye sisimizi walianza kukusanyika chooni kwangu. Kiu haiishi, suruali zinanivuka, nalala na kuamka kwenda haja ndogo. Daktari akasema ni kisukari. Mkuki kwa nguruwe! Siku ya kliniki muuguzi aliniambia nitembee kila siku, kwa sababu mwili unaofanya kazi huitumia sukari badala ya kuiacha ijae kwenye damu. Nikauliza nitembee na nani, nisije nikaonekana chizi.

"Tembea na mwalimu wenu nyie wenye kisukari," akasema, akanyoosha kidole kwenye benchi. Alikuwa yule mzee. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda, havinyooki tena.

Kesho yake alinigongea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekula?"

Hakukubali tutoke kabla sijala. Alikung'uta viatu vyangu kimoja kimoja, akitafuta vijiwe, maana alisema kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hakina mzaha. Halafu kwa vidole vile vilivyopinda akanipa pipi mbili. "Weka mfukoni. Ukianza kutetemeka, kula, usinisubiri." Tulishuka hadi ufukweni na kupanda tena. Ikawa hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi pipi mbili.

Miezi ikapita. Sukari yangu ikashuka, daktari akafurahi. Ganzi ya miguu ikapungua, usingizi ukarudi. Mke wangu akasema hata hasira zimepoa, siku hizi naweza kugombezwa mpaka mwisho. Kila nilichokipata kiliniuma, kwa sababu nilijua nakipata kwa nani. Asubuhi moja, katikati ya mlima, nilisimama.

"Mzee, ni mimi niliyepiga kelele siku ile. Na mkono huo niliuvunja mimi."

Alikuwa na fimbo ya kutembelea. Aliiinua akanichapa mgongoni, mara moja, kwa nguvu zake zote, nikapiga magoti. Ngozi ilipasuka. Nikangoja ya pili, nilikuwa naitaka, lakini haikuja.

"Hiyo ni ya kunisubirisha useme miaka yote hii," akasema, anahema.

"Ulijua?"

"Nilikuona vizuri kabisa."

"Sasa mbona ulisema hujui?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Walikuwa bado wameshika mawe," akasema. "Inuka twende, mwili usipoe."