Karatasi Kumi na Moja za Baba Furaha

Niliondoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka siku ya Jumanne nikiwa nimebeba uongo wa mwaka mzima kwenye mkoba. Aliyenitia katika safari hiyo ni mume wangu, Baba Furaha, na sifa zake. Watu wa ofisi moja ya kilimo Lilongwe walisikia kwamba kambini kuna mzee kutoka Zaire aliyechora wadudu kwa rangi za maji miaka ishirini, kwenye kituo cha utafiti karibu na Bukavu. Walikuwa wanatayarisha kitabu cha wadudu waharibifu kwa ajili ya wakulima, basi wakatuma barua: mzee aje na karatasi zake.

Baba Furaha alifurahi hata akasahau kula. Mimi sikufurahi, maana karatasi zake hazikuwepo tena.

Nieleze. Tulipokimbia, tulivuka ziwa Tanganyika katika mtumbwi uliojaa watu na mizigo, na maji yakaingia mpaka magotini. Nilipofungua furushi Kigoma nilikuta karatasi zote kumi na moja alizokimbia nazo zimebaki madoa ya kijivu. Rangi za maji zikikutana na maji hazina ubishi. Siku hizo mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika mume wangu macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Akaniuliza, "Mama Furaha, karatasi zangu ziko muzuri?" Nikajibu, "Ziko muzuri." Ee Mungu wangu, ningejua!

Huku Malawi niliona hawezi kukaa bila kuzishika. Nikanunua kisanduku cha rangi za wanafunzi pale soko la Tsoka, mjini Lilongwe. Karatasi nene ya kuchorea haikupatikana, basi nikageuza zake na kuchora wadudu wa huku upande wa nyuma, asubuhi akiwa kanisani. Kazi naijua. Miaka mingi nilimshikia wadudu kwa kibano na kuwahesabia miguu kwa sauti. Sheria yake ilikuwa moja, na mimi niliifuata kama amri ya Mungu: chora kile kilicho mbele yako, juu ya jani ulilomkutia mdudu, usiongeze kitu cha kichwani. Alikuwa akizisogeza karatasi hizo hadi puani na kusema, "Kama vile naona wekundu kidogo. Mungu akipenda nitaona yote." Nami natoka nje kujifanya napepeta mahindi.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka na kibali chetu cha kuondoka kambini. Nilimpandisha kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, nikafuata nyuma kwa miguu. Alivaa koti lake la kituoni, lile la vifungo viwili vilivyobaki, na alikuwa anamwambia mwenye baiskeli habari za mbawakawa wa Kivu. Mtu wa watu hakuelewa hata neno moja. Aliitikia tu kwa Kichewa, "Eee, bambo, eee."

Kwenye barabara kubwa tulipata lori la mahindi, tukakaa juu ya magunia. Kwenye kizuizi polisi alisoma kibali, kisha akataka nifungue mkoba. Alipoiona karatasi ya juu alimwita mwenzake, "Bwera udzaone!" Akaja na mwingine, na mmoja akamgusa panzi wangu kwa kidole kuona kama ataruka. Wakacheka, wakasema zikomo, yaani asante, wakatuachia.

"Umesikia?" mume wangu akaniambia. "Hata polisi!"

"Nimesikia, Baba Furaha."

Alikuwa anatabasamu peke yake njia nzima. Nilitamani lori liharibike.

Saa nne tulikuwa Lilongwe, upande wa mji wa zamani. Watu wamejaa, spika za kaseti zinapiga kelele, wanawake wamepanga nyanya chini kwa mafungu. Nilinawa miguu kwenye bomba, tukala mandasi mbili kila mmoja, nikampangusa sukari ndevuni. Kisha tukaulizia ofisi.

Aliyetupokea aliitwa Bwana Phiri, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyesoma Tanzania na kuzungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Alimvutia mume wangu kiti mwenyewe. Akazipanga karatasi mezani, akaziinamia moja moja.

"Mzee," akasema, "sijawahi kuona mkono kama huu. Kiwavi huyu, nawezaje kusema? Hadi nywele zake. Na hili jani la tumbaku, hata wakulima wetu watalijua."



"Jani gani?" mume wangu akauliza.

"La tumbaku."

"Mi sijachora tumbaku hata siku moja. Kwetu kule milimani nilichora miti ya kwinini, na maharagwe, na viazi." Aligeuza uso upande wangu. "Mama Furaha. Tumbaku ya wapi?"

Ningeweza kumwambia Bwana Phiri amekosea. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona mume wangu ananyoosha mkono juu ya meza kutafuta ile karatasi, na nguvu za kudanganya zikaniishia.

"Ya Dzaleka," nikasema. "Njo mimi nimechora. Zako maji ya ziwa yalizimaliza."

"Zote?"

"Zote kumi na moja."

Bwana Phiri, maskini, hakujua aangalie wapi, akaigeuza karatasi ya kiwavi kama mtu anayetafuta kazi ya kuipa mikono yake. Akainama. "Huku nyuma kuna mistari ya penseli. Ni mbawakawa."

"Penseli haitoki na maji," mume wangu akasema polepole. "Hesabu pingili za kipapasio, tafazali."

Bwana Phiri akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na moja.

"Njo yeye. Wa mwisho kabla hatujakimbia."

Baadaye Bwana Phiri alisema yaliyobidi kusemwa. Ofisi inazitaka picha zote, na atakayechora zilizobaki za kitabu ni mimi. Wakizitia karatasi hizi kwenye mashine ya kuchapia, aliongeza, hataweza kuahidi kwamba zitarudi. Nikamwambia, "Basi sitoi. Penseli ya mume wangu iko nyuma."

"Toa," mume wangu akasema.

"Baba Furaha..."

"Toa, nimesema! Na jina uandike lako. Mtu anatia jina kwa kitu alichokiona kwa macho yake." Akamtajia Bwana Phiri jina langu la ubatizo na la baba yangu, herufi kwa herufi, asije akakosea.

Saa tisa alasiri tulipata pikapu ya kurudi. Kazi nimepata, jina langu litaandikwa kitabuni, na nililia kama mtu aliyefukuzwa. Mpaka tulipofika njia ya kambi hakunisemesha.

"Unitolee hasira yako," nikamwambia. "Nitukane, lakini usinyamaze."

"Mwaka muzima," akasema, "nilikuwa nashika karatasi, naomba Mungu anionyeshe rangi, na we unajua rangi haiko. Ningelia nikamaliza. Ulininyima kilio, Mama Furaha."

Nilidhani namfunika asipatwe na baridi, kumbe nilimziba pumzi.

Tulipofika nyumbani alitandika mkeka nje ya mlango akakaa, miguu imenyooshwa, viatu pembeni, kama tunavyokaa kwetu mtu akifa. Majirani wakaja mbio. Kwanza alikuja Mama Espérance, Murundi wa mlango wa pili, aliyezika watoto wawili njiani.

"Nani amekufa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Niliona aibu. Mbele ya mama huyo nilie karatasi? Lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka na uongo. Nikamwambia yote: wadudu, miaka ishirini, mtumbwi, mwaka wangu wa kuficha.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua ndara zake, akaketi mkekani karibu na mume wangu, akashika mkono wake. "Pole sana, Baba," akasema. "Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Unitajie moja moja."

Mume wangu akaanza kutaja, mbawakawa kwa mbawakawa, panzi kwa panzi, rangi ya kila bawa, na wengine wakaja wakakaa. Walikaa naye siku tatu. Nilipika nsima, ugali wa huku, ya watu wote, na sikuketi mkekani mpaka yeye mwenyewe aliposogea akaniachia nafasi.