Theluji Nyuma ya Mimbari

Hasira yangu na wazee wa kanisa haijapoa. Miaka ya sabini waliniita mimi, mchoraji wa mabango ya maduka hapa Matiliku, niwachoree uumbaji wa dunia ukutani, nyuma ya mimbari. Nikachora mlima wetu wa Nzaui, ule ule unaouona ukisimama mlangoni. Kwenye mwamba nikaweka nyayo za watu wa kwanza na ng'ombe wao, kama nyanya yangu alivyonisimulia: Mungu aliwashusha pale jiwe likiwa bado laini.

Mwenyekiti wao akasema huo ni upagani. Akanipa kalenda ya wazungu yenye mlima wa theluji. "Chora huu. Huu ni msafi."

Na nikauchora, mjinga mimi! Nyayo nikazifuta kwa rangi nyeupe, mwaka ambao mama zetu walikuwa wakifukua mchanga wa mto kutafuta maji. Jumapili nyanya aliutazama, akaniuliza pale ni wapi.

Leo mwambie mtoto yeyote wa hapa achore mlima. Ataupaka kilele cheupe, na Nzaui yenyewe inaonekana dirishani. Wazee walitoa amri tu. Aliyewafundisha watoto ni mimi.